Chana hiyo kadi ya "ukiona kama, ni tashbihi"

Mkuu, chana hiyo kadi leo hii. Umeuliza uanze na istilahi zipi za fasihi, na dhamira na maudhui vinatofautianaje. Lakini hiyo kadi yako ya kujisomea, ya "ukiona kama, ni tashbihi" (yaani kufananisha kitu na kingine kwa neno la kulinganisha), ndiyo iliyoniangusha mimi, siwezi kuipita kimya.

Nilipewa na mwalimu wa masomo ya ziada, akaapa haijawahi kumtupa mtu. Kwenye mtihani nikakuta kifungu cha ufahamu: taja tashbihi tatu, eleza kazi ya kila moja. Nikaanza kuwinda "kama". Ya kwanza: "Kama angewahi, angemkuta hai." Hilo ni sharti! Ya pili: "Walikuja watu kama ishirini." Makadirio. Ya tatu: "Alinunua vyombo kama sufuria na sahani." Hapo anataja mifano tu. Nikapata sifuri zote tatu. Na tashbihi zenyewe zilikuwemo: mzee alijikokota mithili ya kobe, nyumba ilikuwa kimya mfano wa kaburi, binti alinyamaza kana kwamba ameshonwa midomo. Nilizisoma nikazipita, kwa kuwa hazikuwa na "kama". Mpaka leo hasira hainiishi. Mtu analipwa kufundisha lugha, halafu anamtegea mwanafunzi mtego na kuuita njia ya mkato!

Shika hili: kabla hujaandika jina la tamathali (mbinu ya kupamba lugha), sema kwanza ni kitu gani kinafananishwa na kipi cha aina nyingine, na kwa sifa gani. Ukikosa jibu, hapo hapana tashbihi. "Juma ni mrefu kama kaka yake" ni mtu na mtu, kipimo cha kawaida. "Juma ni mrefu kama mnazi" ni mtu na mti. Sasa unaona picha. Ondoa "kama", useme "Juma ni mnazi", umeingia kwenye sitiari. Mnazi ukianza kunung'unika na kulalamika, umepewa sifa za mtu: hiyo ni tashihisi. Hizo tatu ndizo za kuanza nazo.

Kuhusu lile swali lako la pili: dhamira, yaani wazo kuu la kazi, ni sehemu ya maudhui, yaani yote yanayosemwa na kazi hiyo, pamoja na ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi.

Sasa chukua hadithi yoyote, zungushia kila "kama" kwenye kurasa mbili, kisha futa zisizofananisha kitu na kingine cha aina nyingine. Utakazobaki nazo ziweke hapa, nitazipitia moja moja usiku huu.