Asilimia ya nini? Hela ya mchekeshaji anayeingia kwenye sinema

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mchekeshaji wa jukwaani akigeuka mwigizaji, kisha mwongozaji wa filamu, hela yake hasa inatoka wapi? Nitajibu kwa kumfuata Eddie Murphy, kwa sababu hesabu za filamu yake moja zilianikwa mahakamani. Kwa kifupi, haitoki kwenye uongozaji. Inatoka kwenye neno linaloandikwa mkatabani mara tu baada ya "asilimia".

Tuanze jukwaani. Murphy aliingia Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, mwaka 1980 akiwa na miaka 19, na filamu ya 48 Hrs. ikamtoa mwaka 1982. Stendapu, yaani kuchekesha peke yako jukwaani, ni kazi isiyohitaji vifaa vya gharama: maiki, stuli na chupa ya maji. Chukua mchekeshaji mwenye jina anayejaza ukumbi wa viti 2,500 kwa kiingilio cha dola 60. Mlangoni zimeingia dola 150,000. Toa ukumbi, matangazo, walinzi na bima, tuseme 35,000, zinabaki 115,000. Mkataba wa kawaida wa ziara Marekani humpa msanii mwenye jina kiasi cha uhakika kilichopatanwa au 85% ya kilichobaki, kipi kimezidi. Hapo ni dola 97,750 kwa usiku mmoja, na hana bendi ya kugawana nayo.

Shida ni kwamba bidhaa yenyewe inaoza. Mwanamuziki asipopiga wimbo wa zamani watu wanalalamika. Mchekeshaji akirudia kichekesho cha mwaka juzi wanazomea. Saa moja ya vichekesho iliyoiva hupikwa kwenye vilabu vidogo, dakika 15 kila usiku, kwa malipo ya makumi ya dola, na huchukua mwaka au zaidi. Ikisharekodiwa na kurushwa, imekwisha. Ndiyo maana wote wanakimbilia sinema. Murphy aliivuna hata saa yake ya jukwaani huko: Raw ya mwaka 1987 iliuza tiketi za takriban dola milioni 50 Marekani, rekodi kwa filamu ya stendapu. Aliyeiongoza ni Robert Townsend, naye mchekeshaji, ambaye mwaka huohuo alitoa Hollywood Shuffle, filamu aliyoitengeneza kwa takriban dola 100,000 za akiba yake na kadi za mkopo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Coming to America, ile ya mwana wa mfalme wa Zamunda ambayo wengi tuliiona kwenye kanda za VHS, ilitoka 1988 na kuuza tiketi za karibu dola milioni 288 duniani. Murphy alilipwa milioni 8 pamoja na 15% ya mapato ghafi, yaani kabla ya makato makubwa. Mwandishi Art Buchwald na prodyuza Alain Bernheim, waliodai wazo lilikuwa lao, walikwenda mahakamani; mkataba wao uliwapa asilimia ya faida halisi, yaani kinachobaki baada ya makato yote. Studio ya Paramount ikafungua vitabu na kuonyesha kwamba faida hiyo haipo: filamu ina hasara ya dola milioni 18.

Inawezekanaje? Fuata dola 100 za tiketi. Karibu nusu inabaki kwa wenye majumba ya sinema. Kwenye 50 zinazorudi, studio inakata kwanza ada yake ya usambazaji, 30% au zaidi, zinabaki 35. Kisha matangazo, na juu ya matangazo 10% ya "gharama za ofisi". Kisha gharama ya kutengeneza filamu, na juu yake 15% nyingine ya ofisi. Kisha riba, ikiwa ni pamoja na riba ya zile gharama za ofisi. Na hapa ndipo penye utamu: fungu la ghafi analolipwa nyota nalo linaandikwa kama gharama. Kila dola anayopewa Murphy inausogeza mbele mstari wa faida, na aliyeahidiwa faida halisi anabaki kuukimbilia. Murphy mwenyewe aliziita asilimia hizo za faida halisi "pointi za nyani", yaani ni ujinga kuzikubali.

Mwaka 1990 mahakama ya Los Angeles ilisema vipengele saba vya mkataba huo ni vya kionevu, vikiwemo 10% ya matangazo na 15% ya ofisi ambazo hazikuendana na gharama halisi. Mwaka 1992 Buchwald akapewa dola 150,000 na Bernheim 750,000. Linganisha na milioni 8.

Hata hivyo milioni si milioni. Wakala anachukua 10%, meneja 10% (wengine 15%), mwanasheria 5%, mtunza fedha 5%. Kwenye dola 1,000,000 imebaki 700,000 kabla ya kodi, na kwa mkazi wa California kodi ya kipato kikubwa hukaribia nusu. Kinachofika mfukoni ni 350,000 hadi 400,000. Anayetumia kama mwenye milioni ndiye anayerudi kwenye vilabu kwa lazima.

Na uongozaji? Muda unaliwa. Chama cha waongozaji Marekani kinamhakikishia mwongozaji wa filamu ndefu ya bajeti kubwa angalau wiki 10 za kazi, na wiki 10 za kuhariri toleo lake mwenyewe bila kuingiliwa. Ongeza kuandika, maandalizi, muziki: mwaka na nusu umekwenda, muda ambao mwigizaji angeshuti filamu mbili au tatu. Murphy alijaribu mara moja, Harlem Nights ya 1989, akiandika, akiongoza na kuigiza pamoja na wachekeshaji Richard Pryor na Redd Foxx. Iliuza tiketi za dola milioni 60 Marekani, si haba, lakini ikapewa Razzie, tuzo ya kejeli kwa filamu mbovu, kwa skripti yake, na hakuongoza tena. Anayeigiza na kuongoza kwa pamoja hajioni: baada ya kila teki, yaani kila mara kamera inapopiga tukio, lazima atoke, aangalie kwenye skrini, arudi kwenye nafasi yake, na watu mia wanalipwa kumsubiri.

Mchekeshaji Chris Rock, ambaye Murphy ndiye aliyempa nafasi ya mwanzo kwenye sinema, alitumia njia ya busara zaidi. Top Five aliitengeneza nje ya studio kubwa, akaipeleka tamasha la filamu la Toronto Septemba 2014, wanunuzi wakashindana, Paramount ikatoa dola milioni 12.5. Fedha ilijulikana siku hiyo, kabla mtu yeyote hajakata "ofisi".

Siku hizi majukwaa ya mtandaoni yananunua kila kitu kwa mkupuo. Netflix iliripotiwa kumpa Rock milioni 40 kwa maonyesho mawili mwaka 2016. Hakuna ghafi, hakuna halisi. Na onyesho likitazamwa na dunia nzima, mara nyingi hakuna nyongeza.

Kwa hiyo mchekeshaji wa Dar au Nairobi akiletewa mkataba wenye "asilimia ya faida", aulize mambo matatu: faida inahesabiwa baada ya kukata nini na nini, makato yana kikomo gani, na ana muda gani wa kukagua vitabu. Asipojibiwa kwa maandishi, aombe kidogo zaidi taslimu na aiache hiyo asilimia.