Mwimbaji wetu ameondoka, mpya anaambiwa aige

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni vijana watano wa Bagamoyo, tunapiga roki kwa Kiswahili. Mwimbaji wetu amehamia Mwanza kikazi. Tumepata mwingine mwenye sauti ya juu, ya kukwaruza, wakati ya yule ilikuwa nzito. Mashabiki wanataka aimbe kama mwenzake. Mpiga gitaa anasema tukae mwaka mzima ndipo turekodi. Nimesikia AC/DC, bendi ya roki ya Australia, walifiwa na mwimbaji wakatoa albamu kubwa mwaka huohuo. Walifanyaje?
Mpiga drams, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Albamu hiyo, Back in Black, niliijua kwa sauti kabla ya kuijua kwa jina. Miaka ya themanini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Ngamiani, hapa Tanga. Baharia mmoja aliyeshuka bandarini aliniletea kaseti isiyo na maandishi nimtolee nakala. Nikaiweka, nikasikia kengele. Ikalia, ikaachia nafasi, ikalia tena, polepole kama ya msiba kanisani. Nikaitoa kaseti, nikafuta kichwa cha deki kwa pamba na spiriti nikidhani mkanda una hitilafu. Nilipoirudisha nikaiacha iende. Gitaa likaingia chini ya kengele, linatembea taratibu, kisha drams. Nilikaa chini. Jioni ile nilitoa nakala mbili, moja yangu.

Kengele ile ndiyo matanga yao. Mwimbaji wao, Bon Scott, alifariki London tarehe 19 Februari 1980, akiwa na miaka 33, baada ya usiku wa ulevi. Muda mfupi kabla ya hapo alikwenda mazoezini kwa ndugu wawili, wapiga gitaa wa bendi, Malcolm na Angus Young, akakaa kwenye drams awapigie wakati wakitafuta nyimbo mpya. Hilo liweke moyoni wewe mpiga drams: kazi ilianza naye akiwa hai. Wazazi wake nao waliwahimiza waendelee. Kwa hesabu ya kwetu arobaini yake iliangukia mwisho wa Machi. Aprili walikuwa wameshamchukua Brian Johnson, mtu wa upande wa Newcastle, ambaye Bon mwenyewe aliwahi kumsifu kwa wenzake alipomwona akiimba na bendi ya Geordie. Mwezi huohuo wakaenda Nassau, Bahamas, kurekodi Back in Black. Ilitoka Julai. Ndiyo maana huo mwaka mzima wa mpiga gitaa wenu siuelewi, na ninyi hata hamkufiwa.

Sasa sikiliza vizuri. Johnson hakuambiwa awe Bon. Bon aliimba kama mtu anayekusimulia kisa huku ameegemea ukuta. Johnson anapanda juu kabisa, koo limekaza. Nyimbo zote kumi zina jina lake kama mtunzi pamoja na akina Young. Walipofika Nassau mvua za radi ziliwapokea, naye akazitia ngurumo na mvua zile ndani ya wimbo wa kengele, Hells Bells. Ilikuwa Aprili na Mei. Sisi wa pwani tungesema masika yamemwandikia. Yaani aliimba alichokisikia kwa masikio yake, hakuimba maisha ya marehemu.

Heshima kwa Bon waliiweka pengine. Jalada jeusi, jina la bendi limechorwa kwa mstari wa kijivu tu. Na kengele. Fundi wao kwanza alikwenda kurekodi kengele za mnara wa Loughborough, Uingereza, lakini ndege waliokaa humo waliruka kila ilipogongwa, kelele za mabawa zikaharibu kazi. Ikabidi wairekodi kiwandani ile waliyokuwa wakitengenezewa wao, yenye uzito wa karibu tani moja. Jina la Bon halitajwi katika wimbo hata mmoja. Mimi hilo hunigusa kuliko wangemwimbia wimbo mzima.

Kilichobaki palepale ni mwendo. Phil Rudd kwenye drams, Cliff Williams kwenye besi, Malcolm kwenye gitaa la ridhimu, hata msimamizi wa studio, Mutt Lange, mzaliwa wa Mufulira, Zambia ya leo, alikuwa yuleyule wa albamu ya mwisho ya Bon. Linganisha na watu wetu: ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, mwaka 1978 waliondokewa Nairobi, katika bendi yao ya Simba Wanyika, na Tommy Malanga wa besi, Rashid Juma wa drams na Omar Shabani wa ridhimu, waliokwenda kuunda Les Wanyika. Kwa Kinyonga sauti ilibaki, miguu ikaondoka, na hilo naliona gumu zaidi. Ninyi miguu mnayo. (Marekani peke yake Back in Black imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 25. Mwambie mpiga gitaa.)

Rekodi midundo yako kwenye simu bila maneno, mpe kijana akae nayo siku tatu aandike yake. Zile za zamani aziimbe jukwaani kwa koo lake, kama Johnson alivyoziimba za Bon. Na yule wa Mwanza mpigieni leo, mwambieni mnaingia studio, asije akasikia kwa watu.