Maswali Yenu: Jina la Allah kwenye kizulia cha mlangoni

SWALI: Assalaam aleikum. Nimenunua kizulia cha mlangoni Mtaa wa Biashara. Mama mkwe ameona jina la Allah katika maua yake. Vijana wa mtaani wanataka kwenda dukani leo hii. Tufanyeje, na kizulia tukitupe wapi?
Bi. R., Majengo

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yetu. Kwanza kiondoeni chini, mkiweke juu ya kabati. Heshima haingoji uchunguzi. Vijana na wasubiri.

Kisha kisomeni pamoja na ustadhi. Kutoka kulia, tafuteni alifu iliyosimama peke yake, lamu mbili zilizoungana, na he mwishoni. Nakshi za maua zina mistari mingi ya kusimama, na jicho lililozoea msahafu hujaziliza lisilokuwapo. Ikibidi mkipindue ndipo pasomeke, yamkini ni nakshi tu.

Hata hivyo, kulalamika si kosa. Mwaka 1997 kampuni ya Nike iliondoa sokoni viatu jozi 38,000 kwa kuwa neno "Air", lililochorwa mfano wa miali ya moto, lilifanana na jina la Allah kwa Kiarabu. Hilo lilifikiwa kwa mazungumzo na jumuiya ya Waislamu wa Marekani.

Pigeni picha ya kizulia kizima, maandishi, lebo na risiti. Waende wawili, mmoja awe mtu mzima, saa ambayo duka halina wateja. Mwenye duka huenda alinunua robota bila kulifungua. Mwombeni aondoe mzigo wote, arudishe pesa, na amwarifu aliyemletea. Picha yenye jina la duka msiitume WhatsApp: itazidi kuzunguka hata mzigo ukishaondolewa, na hapo ndipo watu huumizwa.

Mkibaki nacho, msikitupe jaani. Wino wa karatasi za zamani ulioshwa kwa maji. Rangi ya plastiki haitoki, kuichoma ni moshi wa sumu, na baharini maji yakijaa yatakirudisha ufuoni. Kateni herufi kwa mkasi hadi zisisomeke, mzike vipande mahali pasipokanyagwa.

SWALI: Nauza soko la Kongowea. Robota langu la ndala lina jozi zenye picha ya Ganesh, mungu wa Wahindu. Nipunguze bei?

JIBU: Usiziuze kabisa. Kwa jirani zetu Wahindu, mguu kugusa picha takatifu ni dharau kubwa. Mwaka 2016 duka la mtandaoni la Amazon liliondoa vizulia vyenye picha kama hizo kwa malalamiko yao. Mdai aliyekuletea mzigo.