Daktari, Ni Kweli Mtoto wa Jicho Hungojwa Aive?

Tangu nitaje hapa kwamba nimetimiza miaka 31 nikitibu macho katika chumba kimoja karibu na soko la Dagoretti, maswali hayakatiki. Mengine ni ya macho, mengine ni ya kunichungulia mimi. Nayachanganya.

Miaka yote hiyo chumba kimoja? Mbona hukuhamia katikati ya jiji kwenye pesa? (Msomaji, Kawangware)

Hata mke wangu ameniuliza. Nilipokuja, Dagoretti ilikuwa na sura ya mji mdogo wa mashambani: soko, vichinjio, sukumawiki mpaka mtoni, na kila mtu anamjua mwenzake. Nairobi ilitufuata yenyewe. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mchinjaji aliyerukiwa jichoni na kichembe cha mfupa akipasua mbavu kwa shoka. Nilikitoa, mkono wangu ukitetemeka kuliko yeye. Jioni akaniletea nusu kilo ya matumbo imefungwa kwa gazeti. Tangu siku hiyo watu wa vichinjioni huniita "wa macho", jina langu hawalijui. Ukishaitwa hivyo kuhama kunakuwa kugumu. Halafu, tusidanganyane, kodi ya huko mjini sikuiweza.

Mama yangu ana miaka 71 na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jirani amemwambia angoje aive ndipo atolewe. (Binti yake, Waithaka)

Jirani anasema kweli, ila ni kweli ya zamani. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu; enzi hizo ilitolewa ukungu ukiwa umekomaa, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Mgonjwa alitoka na miwani mizito kama tako la chupa. Mabadiliko yalianza mwaka 1949 kule London, daktari Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya plastiki ndani ya jicho. Alikuwa amegundua kwamba marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya kioo cha ndege, macho yao hayakuvikataa. Wakubwa wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo lenzi hiyo ni jambo la kila siku, na huhitaji kwenda mbali: hospitali ya macho ya Kikuyu wanaiweka, ya Loresho wanaiweka.

Kwa hivyo hatungoji aive. Tunauliza tu kama anamzuia mama kufanya mambo yake: kuchagua mchele, kuhesabu chenji, kushuka kwenye matatu. Akiachwa mno huwa mgumu kutoa, na mara nyingine huvimba na kupandisha presha ndani ya jicho.

Kama ni woga, mwambie mara nyingi hatutii mtu usingizi. Ni ganzi, jicho moja kwanza, na kazi yenyewe huwa fupi kuliko foleni. Mimi hupasua Alhamisi hospitalini, na Ijumaa asubuhi tunafungua bandeji. Hapo ndipo uchovu wa wiki huniisha. Kuna nyanya mmoja niliyemfungua, akanitazama kimya, akanishika shavu: "Daktari, kumbe nawe umezeeka hivi!" Miaka minne alikuwa akinijua kwa sauti.

Ni mgonjwa gani huwezi kumsahau? (Mwanafunzi wa uuguzi)

Najua unataka kipofu aliyeona. Mimi humkumbuka dereva wa matatu ya 46. Makanga wake alikuwa amekataa kufanya kazi naye, kwa sababu kioo cha pembeni cha kushoto kilivunjika kila wiki. Nikamsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati, akashuka mpaka mstari wa 6/6, ule wa macho mazima, bila kukosa herufi. "Umeona, daktari? Yule kijana ana chuki tu."

Nikamwambia anitazame puani na aseme "sasa" akiona kidole changu. Nikakileta kutoka kushoto kwake, polepole. Kimya. Kidole kikaja, kikaja, kikakaribia kabisa pua yangu, ndipo akasema, "Sasa."

Ilikuwa glakoma, tunayoiita presha ya macho. Haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni na kuacha katikati, ndiyo maana chati haiikamati. Kilicholiwa hakirudi; matone huokoa kilichobaki. Aliweka leseni mezani akaniomba nisiandike chochote. Niliandika. Kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, nikamwomba alete ndugu zake. Alikuwa amenikasirikia, lakini aliwaleta, na mdogo wake tulimkuta nao mapema. Mpaka leo huyo anatia matone kila usiku na anaona vizuri. Ukiwa umepita miaka 40, na hasa kama mzazi au ndugu anao, kapimwe. Dereva mwenyewe siku hizi anachoma mahindi stejini. Nikipita humsalimu kutoka upande wa kulia.

Nachomelea mageti. Usiku macho huwaka kama yamejaa mchanga. Wenzangu hutia maziwa. (Fundi, Kabiria)

Maziwa tia kwenye chai. Mwanga ule huunguza sehemu ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ukiwa tayari kitandani. Kwa kawaida hupoa kwa siku moja au mbili. Vaa ngao ya kuchomelea, si miwani ya jua ya Gikomba. Na usimwombe mtu dawa ya ganzi ya kupeleka nyumbani: inaficha uchungu huku kidonda kikizidi. Kama ulikuwa ukisaga chuma, huenda kuna kichembe kimebaki. Njoo.

Nina miaka 44, simu naisoma nikiwa nimenyoosha mkono. (Mama Brayo)

Mkono hautarefuka, mama. Miwani ya kusomea.

Na macho yako wewe, yakoje? (Msomaji, Ngando)

Swali la aibu hili. Mwaka jana nilimgombeza dada wa mapokezi kwa sababu ya pazia la kliniki: limekuwa la manjano, lifuliwe. Akalifua. Nikagomba tena, akalifua tena, safari hii kwa dawa ya madoa. Wakati huohuo nilikuwa nikiwahimiza wagonjwa wasichelewe, nami nikilaumu taa kwamba ni hafifu. Mwishowe mwenzangu mmoja alinilaza akanitoa mtoto wa jicho. Lenzi ikizeeka huingia manjano na kuipaka dunia nzima rangi hiyo, taratibu mno usijue.

Siku niliporudi kazini pazia lilikuwa jeupe pe. Dada alikuwa amesimama kando yake na ndoo mkononi. Hakusema neno. Alinitazama tu, akaenda kumwita mgonjwa wa kwanza.