Mnaoanza kufundisha ekolojia ya udongo, anzeni na mahindi na maharage

Wadogo zangu mnaoingia darasani semista hii, mjue kwanza mi nilichemsha vibaya. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na kadi kama 40, nyungunyungu na sheria zake, mchwa na zake, fangasi na zake, kipindi kizima kikaisha tunaelezana sheria tu, mwisho mmoja ananiuliza eti kwani nani kashinda.

Siku hizi nabeba mahindi, maharage na mabakuli, basi. Punje ya mahindi ni kaboni, haragwe ni nitrojeni, bakuli ndo udongo, na humo unatia maharage 2. Wakae watatu watatu: bakteria, mmea, nematodi (vile viminyoo vidogo sana vya udongoni). Bakteria mpe rundo la mabua, yaani punje 72 na haragwe 1. Sheria moja tu, kila punje 24 anazokula lazima apate haragwe 1, na katika hizo 24 anatupa 16 pembeni maana ndo anapumua, kaboni dayoksaidi hiyo, 8 zinabaki mwilini. Sasa anahitaji maharage 3 na bua limempa 1, si anaingiza mkono bakulini anazoa yote mawili, zamu ya mmea ikifika bakuli jeupe.

Kuna binti alikuwa mmea akamdaka bakteria mkono kabisa, "we rudisha, mbolea yangu hiyo!" Hapo hapo nikasimamisha, nikauliza kwa nini ukifukia mabua ukapanda wiki hiyo hiyo mahindi yanatoka njano. Walijibu wenyewe, slaidi sikufungua.

Raundi ya pili wape majani ya glirisidia, ule mti wa jamii ya kunde wenye majani ya nitrojeni nyingi, punje 72 na maharage 6, bakteria anatumia 3 na 3 yanarudi bakulini, mmea anachekelea. Ya tatu nematodi amle bakteria, ateme nitrojeni iliyomzidi.

Maksi msiweke, mi niliweka watu wakaanza kuficha punje mifukoni. Dakika 20 za mwisho ziacheni za maongezi tu, maana kuna mjanja lazima aseme bakteria hahesabu, na ni kweli, hiyo 24 ni makadirio, shambani kuna unyevu na joto pia, mwacheni aongee.

Halafu mahindi msiyaweke kwenye droo ya ofisi, yangu yaliingia fukusi na mwenzangu tunayeshea ofisi mpaka leo kaninunia.