Mwanangu anaomba vyuo: nimsaidie hadi wapi?

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwakani anatakiwa awe chuoni. Nimejitahidi sana. Nimetafuta vyuo 14, nimevipanga kwenye jedwali kwa kozi, ada na tarehe za mwisho, na nimemfungulia akaunti za maombi kwa barua pepe yangu ili tusipitwe na kitu. Yeye hata jedwali hajalifungua. Nikimuuliza amefika wapi na maelezo binafsi, ile insha ya kujieleza inayotakiwa kwenye maombi, anasema "nitaandika" kisha anafunga mlango. Baba yake ananiambia nimwache aanguke, atajifunza. Siku hizi amekuwa mkali hata kwa mdogo wake, na walikuwa hawaachani. Je, nywila nibaki nazo mimi? Maelezo yake niyahariri au nisiyaguse? Ana pumu, akienda mbali nitajuaje kama anatumia dawa? Na siku ya kwenda tumsindikize, au tutamwaibisha? — Mama wa wawili

JIBU: Mama wa wawili, nianze na nywila, maana hilo halihitaji kufikiriwa sana. Mpe leo, zote, na mhamishie akaunti kwenye barua pepe yake mwenyewe. Isiwe ya shule, kwa sababu shule nyingi huzifunga baada ya wanafunzi kuhitimu, na barua za chuo huendelea kuja miezi kadhaa baadaye. Angalia pia namba ya simu uliyosajili. Ukiiacha yako, kila akitaka kuingia kwenye akaunti, namba ya uthibitisho itakuja kwako. Mwanao atakuwa mji mwingine saa sita usiku, amebakiza dakika chache kukamilisha usajili wa masomo, na wewe umelala, simu ikiwa kwenye chaji.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ni kubwa zaidi. Barua ya udahili ikiingia kwenye sanduku lako, wewe ndiye utakayejua kwanza kama amekubaliwa au amekataliwa. Habari hiyo ni yake kuipokea. Akifika chuoni, vyuo vingi vitaongea na yeye, siyo na wewe. Marekani, kwa mfano, sheria ya FERPA ya 1974 inahamishia haki juu ya kumbukumbu za masomo kwa mwanafunzi mwenyewe anapofikisha miaka 18 au anapoanza chuo, bila kujali nani analipa ada. Kanuni za nchi hutofautiana, ila mwelekeo ni huohuo katika nchi nyingi. Ni vizuri azoee sasa, angali nyumbani.

Jedwali lako nina hakika ni zuri. Tatizo lake ni kwamba lilikamilika kabla yeye hajaanza. Kijana anayekabidhiwa orodha iliyokwisha pangwa huwa amebakiwa na mambo mawili tu ya kufanya: kukubali au kugoma. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, waliochunguza kwa miaka mingi nini humsukuma mtu kufanya jambo, wanataja mahitaji matatu: kuona kwamba uamuzi ni wake, kuona kwamba analiweza, na kuwa na watu walio upande wake. Wewe umempa la tatu kwa wingi na bila kukusudia umemnyang'anya la kwanza.

Sikwambii ulifute. Mwombe akutajie vyuo viwili au vitatu anavyovifikiria yeye, hata kama sababu yake ni kwamba rafiki yake anakwenda huko. Usicheke wala usisahihishe. Muulize tu: "Ni nini kilichokuvuta?" Kisha mwambie una utafiti wako, akiuhitaji upo. Mara nyingi jedwali lililokataliwa mwezi mzima hufunguliwa wiki hiyohiyo, mlango ukiwa umefungwa, na hutaambiwa.

Baba yake ana nusu ya ukweli. Kuna maanguko yanayofundisha: kusahau kufua, kumaliza pesa ya matumizi kabla ya mwezi kuisha. Lakini kupitwa na tarehe ya mwisho ya maombi kunaweza kumgharimu mwaka mzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kuona mbali, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, kwa hiyo kumsaidia kukumbuka tarehe si kumdekeza. Tarehe zibandikeni mahali ambapo kila mtu anaziona. Chagueni siku moja ya wiki, nusu saa, ndiyo iwe ya mambo ya vyuo. Saa achague yeye. Siku nyingine usiulize kabisa, hata mkiwa mezani, hata shangazi akipiga simu kutaka kujua. Usishangae akichagua usiku. Katika ujana saa ya mwili husogea mbele, usingizi hukawia kuja, na huo ndio muda ambao vijana wengi hufungua midomo.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo ningekaa nalo zaidi kama mngekuwa mbele yangu: pesa. Kwenye jedwali kuna ada, lakini hujasema popote kama mwanao anajua mnaweza kulipa kiasi gani. Wazazi wengi huficha kiasi hicho wasije wakamvunja moyo. Kijana anaomba anavyoweza, anakubaliwa, anafurahi, kisha barua ikiwa mkononi ndipo anaambiwa haiwezekani. Nimeona nyumba zikinuniana kwa hilo kwa muda mrefu kuliko maneno yoyote ya "nitaandika". Kaa na baba yake kwanza, mkubaliane kiasi cha kila mwaka kwa miaka yote ya kozi, mkikumbuka kuna mdogo wake nyuma. Kisha mwambieni kijana kiasi hicho waziwazi, kabla hajatuma ombi hata moja. Chuo achague yeye. Bajeti ni yenu, na hapo hamhitaji kuomba radhi.

Barua zikija, msizisome kwa macho ya ufadhili. Someni kinachobaki mlipe nyinyi. Chukua mfano, kwa sarafu yoyote ile. Chuo cha kwanza ada yake ni 10,000 kwa mwaka, na kimempa ufadhili wa 6,000. Cha pili ada ni 6,000, hakijatoa chochote. Nyumba nzima itashangilia cha kwanza. Ongeza sasa malazi, chakula, bima ya afya, vitabu na nauli: kule jumla ni 9,000, huku ni 4,500. Cha kwanza kinawataka 13,000, cha pili 10,500. Kile kilichotoa "bure" ni ghali kwa 2,500 kila mwaka.

Hapo bado hujasoma maandishi madogo. Je, ufadhili ni wa miaka yote au wa mwaka wa kwanza tu? Unahitaji wastani gani wa alama ili uendelee? Akiteleza mwaka wa pili, chuo hichohicho kitawadai 19,000. Angalia pia kama ndani ya jumla inayoitwa msaada wamechanganya mkopo. Mkopo hulipwa, tena wakati mwingine na riba, na mdaiwa ni yeye. Na kama kozi ni ya taaluma inayosajiliwa, kama udaktari, uhandisi au sheria, thibitisheni kwa bodi ya taaluma ya nchi anakotaka kufanya kazi kwamba shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Swali hilo waulizeni bodi wenyewe, kwa maandishi. Kipeperushi cha chuo hakitoshi.

Maelezo binafsi: soma ukiombwa, usishike kalamu. Nafasi yenyewe ni finyu. Insha kuu ya Common Application, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650. UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, linampa mwombaji herufi 4,000 pamoja na nafasi zilizo katikati ya maneno, na kuanzia udahili wa 2026 limezigawa katika maswali matatu. Nafasi ndogo hivyo ikijazwa na mtu wa makamo, msomaji hutambua. Kijana wa miaka 17 haandiki "nimejengeka kimaadili tangu utotoni". Isitoshe, mwombaji huthibitisha kwamba kazi ni yake mwenyewe, na UCAS hupitisha maelezo kwenye mfumo unaotafuta maandishi yanayofanana na ya wengine. Unaloweza kufanya ni kuuliza. Akiandika "napenda kompyuta", muulize mara ya mwisho kompyuta kumkosesha usingizi ilikuwa lini, na alikuwa anatengeneza nini. Akishaanza kusimulia, mwambie hayo ndiyo ayaandike, kisha ondoka chumbani.

Kuhusu ukali wake. Sijamwona, kwa hiyo nasema ninachokiona kwa wengi. Mwaka wa kuondoka huwa na ugomvi mwingi, hasa katika nyumba zilizoshikamana. Kugombana na mtu hurahisisha kumwacha, na yeye mwenyewe hajui kama ndicho anachofanya. Mdogo wake anapata makali zaidi kwa kuwa ndiye atakayemkosa zaidi. Huyo mdogo msimsahau katika haya yote. Mwambieni mapema nani atalala wapi na watapigiana simu vipi, na chumba cha kaka yake msikigawe kabla hajarudi likizo ya kwanza.

Ila kuna ukali wa kupita na kuna hali nyingine. Akiacha marafiki aliokuwa nao, usingizi ukiharibika wiki kwa wiki, akiacha kula, akigawa vitu anavyovithamini, au akisema maneno kama "bora nisingekuwepo", usiyahesabu kuwa ujeuri wa umri. Mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili mapema, na kwa maneno hayo ya mwisho mpeleke siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Umri wake ndio umri ambao magonjwa mengi ya akili huanza kujitokeza, na kijana aliyeanza kutibiwa nyumbani huenda chuoni akiwa na nafuu kubwa kuliko anayegunduliwa akiwa peke yake hosteli.

Pumu. Hutajua kama anatumia dawa, mama. Inabidi ajue yeye. Nadhani hadi sasa wewe ndiye unayeona chupa imekaribia kuisha na wewe ndiye unayepiga simu kliniki. Kuanzia mwezi huu, aweke miadi mwenyewe na aingie kwa daktari mwenyewe, wewe ukiwa nje kwenye benchi. Aweze kueleza, bila kukutazama, ipi ni dawa ya kuzuia, ambayo hutumika kila siku hata akijisikia mzima, na ipi ni ya kutuliza kifua kikibana. Vijana wengi huiacha ile ya kuzuia wakijisikia vizuri na kutegemea ya kutuliza, na hapo ndipo wanapoishia chumba cha dharura. Ajue majina ya dawa zote mbili na dozi zake, na asafiri na barua ya daktari na mpango ulioandikwa wa nini cha kufanya kifua kikibana. Anayelala naye chumba kimoja aonyeshwe inhela ilipo. Mkiwa kliniki, ulizeni pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo huenea kirahisi mabwenini, na nchi kadhaa huwapa vijana chanjo hiyo kabla ya chuo. Akishafikisha umri wa utu uzima, daktari wa huko huenda akakataa kuongea na wewe, kwa hiyo ulizeni kama kuna fomu ya ridhaa anayoweza kujaza. Aijaze akitaka. Ukimlazimisha, ataificha hali yake kwa njia nyingine.

Simu baada ya kuondoka: kubalianeni siku moja ya uhakika kwa wiki, nyingine ziwe za hiari yake. Ukimya wa siku tatu mwanzoni kwa kawaida maana yake ana shughuli. Kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupigiwa simu ya machozi wiki za mwanzo, akisema anataka kurudi. Msikilize hadi mwisho. Usikate tiketi usiku huo, wala usimwambie wenzake wanavumilia. Muulize kesho asubuhi ana kipindi gani, na kama ameshakula.

Kuhusu kumsindikiza, muulize yeye, na muulize baba yake akiwepo. Akisema njooni, nendeni. Saidieni kubeba mizigo, msalimieni anayelala naye chumba kimoja, mkamnunulie kitu alichosahau, kisha muondoke siku hiyohiyo mchana, kabla wanafunzi wapya hawajaitwa kwenye utambulisho wa jioni. Nguo kabatini apange mwenyewe.