Ukurasa wa 47

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja aliye mwaka wa kwanza chuoni. Ameandika hivi: "Dada shikamoo. Nimechaguliwa kuwa mmoja wa wazungumzaji kwenye mjadala wa wanafunzi kuhusu akili mnemba. Tutakuwa wanne jukwaani na mkuu wa kitivo atakuwepo. Naomba ushauri, niseme nini ili ning'ae?"

Ile shikamoo imeniuma, maana nina miaka 24 tu. Lakini marahaba, mdogo wangu.

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, na kila mara jicho linaishia kwenye lile neno la mwisho. Ning'ae. Sikulaumu. Kila mmoja wetu anayesoma hapa anataka siku moja aitwe jina lake kwenye kipaza sauti, apigwe picha ameshika karatasi, picha ianguke kwenye kundi la familia na shangazi aandike "Mungu akutunze mwanangu". Mimi nilitaka hivyo hivyo. Ndiyo maana nitakusimulia yaliyonikuta, ushauri utaupata humo humo njiani.

Nilichaguliwa nikiwa mwaka wa pili. Jopo letu lilikuwa na kijana wa kompyuta, dada wa sheria, kaka mmoja wa uhasibu, na mimi wa ualimu, Kiswahili na Historia. Nilijua nimewekwa pale kama kachumbari pembeni ya pilau, lakini sikujali. Nilikuwa na wiki mbili za kujiandaa. Ya kwanza nilishinda kwa fundi, kitenge kilikuwa kinabana mabegani. Ya pili ikaliwa na majaribio. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilikuwa kitandani hosteli, bando la usiku limewashwa, sijaandika hata mstari mmoja.

Nikafungua ChatGPT, ile programu ya akili mnemba inayokuandikia unachoiomba. Nikaiambia: niandikie hotuba ya dakika saba, yenye mvuto, kuhusu akili mnemba na mustakabali wa Kiswahili, weka nukuu za wasomi.

Haikumaliza dakika. Hotuba ikashuka kama maji ya bomba, na katikati yake kulikuwa na nukuu tamu sana ya profesa mmoja wa isimu. Jina lake nilikuwa nalijua, kitabu chake kimoja tulikisoma mwaka wa kwanza. Nukuu ilikuja na jina la kitabu kingine, mwaka wa kuchapishwa na ukurasa. Ukurasa wa 47. Sasa niambie, nani anatunga namba ya ukurasa? Mtu akikwambia "nimesikia mahali" unatilia shaka. Akikwambia "ukurasa wa 47" unainama na kuamini.

Mjadala wenyewe ulianza kwa dakika ishirini nzima za kubishania jina. Mmoja anasema akili bandia, mwingine anasema Wakenya wanaita akili unde na ndilo jina zuri zaidi kwa sababu kitu kimeundwa, mwenyekiti anasisitiza akili mnemba ndiyo sahihi. (Mimi ni wa akili mnemba, lakini "unde" linanivutia, nakiri.) Kisha zamu yangu ikafika. Na mpaka leo nasema bila aibu: niliongea vizuri. Sauti ilitoka, mikono ilikaa mahali pake, na nilipofika kwenye ile nukuu nikashusha sauti, nikamtazama mkuu wa kitivo machoni, nikasema "ukurasa wa arobaini na saba". Makofi.

Ukaja wakati wa maswali. Akasimama mkutubi wa chuo, mzee mpole, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni. "Mwanangu, hongera sana. Hicho kitabu ulichonukuu sisi maktabani hatuna, na vitabu vya Kiswahili vya pale nimeviagiza mimi miaka yote. Nisaidie mchapishaji ni nani, tukitafute."

Mzee hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kitabu.

Hapa ndipo nataka unisikilize, mdogo wangu. Kosa la usiku lilikuwa la uvivu, na uvivu unasameheka. Pale ukumbini nilikuwa na nafasi ya kusema "Mzee wangu, sijakiona kwa macho, nilikipata kwenye mashine". Ukumbi ungecheka kidogo tukaendelea. Badala yake nikasema: "Nilikisoma kwenye maktaba ya chuo kingine."

"Kipi, mama? Nina wenzangu huko, nitawapigia."

Kabla sijafungua mdomo, yule kijana wa kompyuta, ambaye muda wote alikuwa anachezea simu chini ya meza, akainamia kipaza sauti na kusema neno moja: "Hakipo." Kutoka viti vya nyuma mtu akapiga kelele, "Desa!" Ukumbi ukapasuka. Mkuu wa kitivo naye alicheka. Alijificha na leso, lakini nilimwona.

Kwa mwaka mzima uliofuata jina langu lilikuwa Ukurasa wa 47. Asaimenti ikitolewa, mtu anauliza kwenye kundi la WhatsApp "jamani tunanukuu ukurasa wa ngapi?" na majibu yanamiminika. Kuna aliyenitengenezea stika. Yule kijana wa kompyuta hatujasalimiana vizuri hadi leo. Najua mwenye kosa ni mimi, nimeshakubali, lakini tulikaa viti viwili vinavyogusana. Angeweza kunisukumia kikaratasi.

Wiki zilizofuata nazirusha, hazina kitu zaidi ya kulia na kula chipsi. Nilipoinuka niliamua kujua kile kitu kilichoniaibisha kinafanyaje kazi, na nikagundua nilikuwa nimekaa jukwaani kuzungumzia jambo nisilolijua kabisa. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Ile herufi T mwishoni mwa GPT inatokana na transfoma, siyo ile ya umeme, ni muundo wa programu uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Kazi yake, ukiivua mapambo, ni kukisia kipande cha neno kinachofuata kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Mfikirie mshereheshaji aliyesimamia harusi elfu moja. Mpe kipaza sauti, atamsifia bibi harusi asiyemjua mpaka mama mzazi alie. Hajui hata jina la ukoo, anajua tu sifa za bibi harusi huwa zinasikikaje. Na mashine yangu nayo ilijua nukuu ya profesa huwa inaonekanaje: jina, kitabu, mwaka, ukurasa. Ikaitengeneza. Kama kitabu kipo au hakipo, hilo halikuwa swali lake.

Kilichonipa faraja kidogo ni kujua kwamba wakubwa walinitangulia. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Na wao walipoulizwa mara ya kwanza hawakukiri haraka. Niliposoma hapo nikafunga simu, nikacheka peke yangu kwenye kimbweta mpaka watu wakageuka.

Mwaka wa tatu nikaitwa tena. Usidhani walinipenda, mtu aliugua. Nilitaka kukataa. Lakini nilikuwa nimetoka mazoezi ya kufundisha Mkuranga, na huko nilikuwa nimepata kitu changu mwenyewe.

Nilikuwa na kidato cha kwanza, mada ya fasihi simulizi. Nikaiomba mashine vitendawili kumi vipya. Ikanipa kumi, Kiswahili safi kabisa. Kimojawapo: "Kina funguo nyingi lakini hakifungui mlango." Nikakitega darasani. Kimya. Halafu mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha kidole: "Mlinzi!" Darasa likashangilia, maana mlinzi wa shule ile hakuwafungulia wachelewaji hata mvua inyeshe. Mwenzake akampinga papo hapo: mlinzi ni "ana", siyo "kina". Wakabishana ngeli dakika tano bila mimi kuwaomba, somo bora nililowahi kufundisha na sikulifundisha mimi. Jibu la mashine lilikuwa piano. Kwa Kiingereza vile vibao vya piano na funguo vinaitwa kwa neno moja, ndiyo maana kitendawili kinafanya kazi huko kwao. Kwa Kiswahili hakuna fumbo hapo, kuna maneno tu yaliyovaa kanzu ya kuazima.

Basi kwenye jopo la pili nikasimulia hicho tu. Sikuwa na nukuu hata moja. Dakika tano za mlinzi na piano, na nikasema kilichonishangaza: mashine haikukosea sarufi hata mahali pamoja, ilikosea dunia. Mwanafunzi mmoja kutoka Kenya akaniuliza kama najua waliosafisha matusi na ukatili ili mashine hizi ziongee kistaarabu ni akina nani. Nilijua, kwa sababu niliisoma mwenyewe: Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Mwingine akauliza kama nawajua kwa majina. Nikasema sijui. Hakuna aliyecheka! Nilirudi kwenye kiti nikatetemeka kwa furaha ya kusema sijui mbele ya watu mia mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu. Soma mwenyewe. Ukishasoma, soma tena. Ukitaka kunukuu, kishike kitabu mkononi, au ufungue ukurasa wenyewe uuone kwa macho. Itumie mashine, sijasema usiitumie, mimi naitumia kila wiki, lakini iulize kitu unachokijua kuliko yenyewe: chakula cha kwenu, mchezo wa utotoni, kitendawili cha bibi yako. Inapoteleza hapo, umepata hotuba yako. Na lazima mtu atauliza kuhusu zile programu za kugundua maandishi ya mashine. Jibu kwa ufupi kwamba OpenAI, wale waliotengeneza ChatGPT, wenyewe waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu ilikuwa inakosea mno, kisha kaa kimya, usianzishe ugomvi na wahadhiri wako, bado una miaka miwili hapo. Nguo jipe siku moja, siyo wiki. Na soma mwenyewe, nimeshasema.

Maana sisi vijana tumekuwa watu wa kutaka makofi kabla ya kazi. Tunataka cheti cha ushiriki wa warsha ambayo tulilala. Tunaweka "mzungumzaji" kwenye wasifu wetu na tukiulizwa ulizungumza nini tunatafuta simu. Tulianza kudesa kwa wenzetu, tukahamia stesheneri zinazouza ripoti zilizokwisha kuandikwa, sasa tunadesa kwa mashine ambayo nayo imedesa kwa dunia nzima. Halafu tunalalamika ajira hakuna. Mwajiri naye anayo hiyo mashine, tena ameilipia. Atakutafutia nini wewe? Haya, naona nimeanza kuhubiri, na mahubiri ya mtu aliyeitwa Ukurasa wa 47 hayana uzito sana.

Nikwambie tu la mwisho. Siku ya kumaliza chuo nilizunguka na fomu yangu kukusanya sahihi, bodi ya mikopo, hosteli, michezo, mpaka nikafika maktaba. Yule mzee wa miwani ya kamba alikuwa mezani. Nikampa shikamoo. Akaipokea fomu, akaangalia kwenye kompyuta yake kama kuna kitabu ninachodaiwa, hakuna. Akachukua mhuri, akaupuliza, kisha akausimamisha hewani na kunitazama juu ya miwani.

"Na kile kingine," akasema, "umekirudisha kwenye chuo chao?"